Kofia Mkononi

Imekuja na basi la asubuhi kutoka Busokelo:
kanga, ndani ya kanga gazeti,
ndani ya gazeti babu wa baba yangu, Ambindwile,
mkubwa kama kiganja,
kona moja imeliwa na mende.

Baba mkubwa Anyitike kanipigia kabla sijawasha mashine.
"Wewe si una steshenari? Mkuze. Tafuta kikosi.
Fundi wa jiwe keshaandika ASKARI kwa chaki,
anasubiri ya kufuatia."

Tukuyu mvua haibishi hodi. Umeme umekwenda, umerudi.
Nimemlaza chini ya kioo,
taa ikampitia polepole, kutoka nyayo mpaka utosi.

Kwetu ana vita viwili.
Kwa Anyitike alikuwa Keya, mtu wa shabaha.
Kwa shangazi Tupokigwe alikuwa wa Mjerumani,
maana alijua kutukana Kijerumani mpaka uzeeni.
Mwaka juzi, msibani, waligombana mpaka chai ikapoa
na wachimba kaburi wakaja kuuliza kuna nini.

Nimeanza na vifungo. Vinne, cha tano kimeng'oka.
Nimekuza kimoja nione nembo:
vumbi, na kivuli cha vumbi.
Mabegani hakuna kitu.
Mikono ya koti inameza vidole;
koti ni la mtu mwingine, mnene.
Miguu peku.
"Askari wengi walikuwa peku," kasema Anyitike,
na ni kweli.

Na bunduki, ile ya nyuma yake,
tuliyoonyeshana tangu utotoni?
Ina kamba. Ni nguzo ya hema.

Kofia kaishika mkononi.
Tuliambiwa ni adabu mbele ya mpiga picha.
Lakini ni ndogo, na kichwa cha Ambindwile ni hiki chetu
kinachopasua kola za sare za shule.
Utosini, nuru inapoteleza,
nywele zimelika duara, ukubwa wa ngata.
Kifuani, kati ya kola mbili, uzi.
Kwenye uzi kibati.
Kwenye kibati saba, halafu labda tatu,
halafu ukungu.

Nikampigia shangazi Tupokigwe.
Sikumuuliza vita. Nilimuuliza alikuwa anakaaje.

"Alianza na magoti," akasema. "Mgongo wima,
shingo haigeuki. Akishatua kitako
ananyanyua mikono yote miwili kichwani,
anaishusha taratibu, mitupu,
anaiweka chini kando yake.
Sisi watoto tulicheka.
Tulidhani ndiyo saluti."

Nikakaa kimya. Mteja alitaka kopi mbili za cheti cha kuzaliwa.
Nikamtolea nne.

Kariakoo. Leo ukilitaja
watu wanawaza mitumba na majora ya vitenge.
Zamani waliitwa hivyo waliobeba:
unga, risasi, sanduku la mvinyo la bwana mmoja,
na bwana mwenyewe akishikwa na homa.
Alivaa koti la nani siku ile, sijui.
Labda askari fulani alimwazima kwa senti,
akamwambia, simama vizuri, wakuone kwenu.
Akasimama vizuri.
Tumekaa miaka mia tukimwona.

Nimemwambia Anyitike.
Kwenye simu nikasikia mvua ikipiga bati lake,
mvua hii hii, imetangulia kwake dakika chache.
"Mpagazi," akasema,
kama anayeonja maziwa kujua yameganda au yameharibika.
Kisha: "Sasa huyo tumchongee jiwe la nini?"
Na simu ikakatika, au akaikata.

Jioni fundi katuma ujumbe.
Herufi moja elfu tatu. Anataka neno leo,
kesho anakwenda Kyela.

Nimehesabu kwa vidole juu ya kioo, bado kina joto.
ASKARI, sita.
MPAGAZI, saba.

Nimemjibu afute chaki.
Ya saba nitailipa mimi.